Malaria ya Kioo Kitupu

Wenzangu mnaobaki chuoni mmeniomba nieleze, kabla sijazoea kulala mchana, kwa nini kila asubuhi kioo cha kupimia damu kinachotangulia kutiwa rangi katika maabara yetu huwa kisicho na damu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliwahi kuniambia alidhani tunaondoa mkosi. Nilicheka, kisha nikasikitika, maana jambo linalofanywa bila sababu yake kujulikana halichelewi kugeuka tambiko, na chuo cha matabibu si mahali pa tambiko. Nimestaafu kwa hiari, macho yangu bado yanaona, na kumbukumbu inanitii kwa kiasi chake. Kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa: vyeo vilichelewa, mishahara ilikuwa midogo, na habari yake imeishia hapo.

Nilifika Morogoro katika ile miaka ambayo watu waliiita ya ruksa, biashara ya watu binafsi ilipofunguliwa milango. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa ghafla, mitumba ikapangwa hadi ukingoni mwa barabara, na redio zilizokuwa zikiendeshwa kwa waya na imani zikapata betri. Wakati huohuo viwanda vya mji vilianza kufungwa kimoja baada ya kingine, na wanafunzi wetu wengi walikuwa watoto wa wafanyakazi waliopunguzwa. Mimi mwenyewe ni mtoto wa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari. Baba alikuwa akisema mashine haidanganyi, ila mtu hujidanganya akiwa karibu nayo. Nilipanga chumba Kilakala, na kila siku nilipokwenda kazini nilipita mbele ya maduka mapya ya dawa na maabara mpya za watu binafsi. Sisemi yalikuwa mambo mabaya. Wengi walipona kwa kupita milango hiyo. Lakini ilileta lugha mpya mjini. Mpimaji huandika alama kuonyesha wingi wa vimelea alivyoviona kwenye damu, na alama hizo zikawa jina la ugonjwa wenyewe. "Nina malaria mbili." "Mwanangu ana malaria nne." Ungedhani malaria inapimwa kwa vibaba.

Siku yangu ya kwanza chuoni nilipokelewa na Daktari Banzi, aliyekuwa akisimamia mafunzo yetu pamoja na wodi ya watoto katika hospitali ya jirani. Alikuwa Mluguru wa upande wa Matombo, mwembamba, na koti lake jeupe lilikuwa limefuliwa hadi likawa na rangi ya uji.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Mfuko huo umebeba nini?"

"Nukuu za somo, Daktari. Nimeandaa muhula mzima."

"Vizuri sana. Ziweke juu ya kabati. Mchwa hawafiki pale."

Nukuu hizo zilikaa juu ya kabati kwa miaka mingi, na kweli mchwa hawakufika. Siku ile alinichukua hadi darasani, akafungua dirisha linalotazama mlima, akawauliza wanafunzi kama leo mvua itanyesha. Wote wakageuka. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika wingu kichwani kama kawaida yake.

"Itanyesha, Daktari."

"Mmejuaje?"

"Wingu liko mlimani."

Hakubishana nao. Aligawanya pembe ya ubao katika vyumba vinne: siku zenye wingu na mvua, siku zenye wingu bila mvua, siku za mvua bila wingu, na siku zisizo na lolote kati ya hayo. Kila jioni mwanafunzi wa zamu aliweka mstari mmoja katika chumba kinachostahili. Muhula ulipokaribia kwisha, chumba cha wingu na mvua kilikuwa kimejaa, jambo lililowafurahisha. Kisha akawaonyesha chumba cha pili, cha wingu bila mvua, ambacho kilikuwa kimejaa zaidi. Wingu lilikuwa mlimani karibu kila siku, mvua iwepo isiwepo.

Gaspari hakulipenda jambo hilo. Huyu alikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote, na mkubwa kuliko mimi pia, kwani alikuwa ametumika muda mrefu katika zahanati za vijijini kabla ya kuja kujiendeleza. Kila asubuhi tulikuwa na tatizo la nani amwamkie nani, tukalimaliza kwa kusema "habari za asubuhi" haraka, kila mmoja akitazama kando.

"Kwa hiyo, Daktari, miaka yote wingu limekuwa likitudanganya?"

"Wingu halijasema kitu, Gaspari. Limejikalia kwake mlimani. Aliyesema ni wewe."

Hilo ndilo lililokuwa somo lake lote, nami nimetumia maisha yangu ya kazi kulirudia kwa mifano mingine. Swali lake lilikuwa moja, "Umejuaje?", na wanafunzi walimwita kwa jina hilo akiwa hasikii. Kanuni yake ilikuwa moja pia: mbele ya mgonjwa au mbele ya hadubini, mdogo husema kwanza na mkubwa husema mwisho. Wageni waliona ni utovu wa adabu. Sisi tumelelewa kungoja mkubwa aseme, kisha tuseme ndiyo. Yeye alisema kwamba akitangulia kusema, atasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia kutoka kila kinywa, kama mtu aliyepiga kelele bondeni akadhani amejibiwa.

Hadubini zetu zilikuwa za kioo cha chini, zile za kuelekezwa juani, kwa kuwa umeme ulikuja ulipotaka. Ilibidi kusoma damu asubuhi, kabla wingu la mlimani halijashuka kufunika jua. Lenzi tuliifuta kwa kipande cha kanga kilichochakaa, maana kanga mpya hukwaruza. Rangi ya kutia vioo, ile inayofanya vimelea vionekane, ilikuwa ikitoka bohari ya serikali. Bohari ilipokaukiwa, tukaanza kuinunua kwa wafanyabiashara, ya unga, katika chupa zilizobandikwa na kubanduliwa mara nyingi. Aliyeikoroga alikuwa Bwana Chuma, mkuu wa maabara, mtu makini aliyezungumza na chupa zake kwa heshima kuliko alivyozungumza na wanafunzi. Karatasi za kuchujia rangi hiyo zilikuwa zimekwisha. Ikaja masika, maji ya bomba yakageuka rangi ya chai ya maziwa, na kazi ikaendelea, kwa kuwa wagonjwa hawakungoja.

Katika masika hayo aliletwa Skola. Alikuwa mtoto wa kike ambaye hajafikia umri wa kuanza shule. Mama yake alikuwa akilima migomba na viungo kwenye miteremko ya juu ya Mkuyuni. Alikuwa amepitia duka la dawa, kisha maabara ya mtu binafsi hapa mjini, na neno la kwanza alilotuambia, kwa lafudhi ile ya mlimani inayopanda mwishoni mwa sentensi, lilikuwa, "Mwanangu ana malaria nne." Tukapima, nasi tukaona nne. Akawekewa dripu ya kwinini. Homa haikushuka. Tukapima tena, nne ileile. Siku hizo ndipo lilipoingia neno "malaria sugu", na lilieleza kila kitu. Neno linaloeleza kila kitu ni la kuogopwa, lakini nasi tulilitumia. Mtoto alikonda, akasema masikioni mwake mnavuma nyuki, akaacha kula. Daktari Banzi alikuwa amefikia uamuzi wa kuongeza dawa nyingine juu ya kwinini. Sote tulielewa kwamba tukikosea mara hii, mama yule atarudi Mkuyuni peke yake.

Asubuhi ya raundi tulizunguka kitanda. Mdogo kuliko wote alikuwa Zuhura wa Mikese, ambaye mama yake aliwauzia abiria mahindi ya kuchoma pale mabasi yanaposimama. Utotoni Zuhura alipaza sauti chini ya madirisha ya mabasi hayo, lakini wodini sauti yake ilipotea, na Gaspari hakuacha kumtania. "Sema kama unauza, mdogo wangu. Basi linaondoka."

"Zuhura," alisema Daktari, "huyu ana nini?"

"Sijui, Daktari."

"Limeondoka," alinong'ona Gaspari.

"Hujui, au hujasoma?"

"Nimesoma, Daktari. Sijui kama ni malaria."

"Umejuaje kwamba hujui?"

Zuhura alitazama blanketi. "Leo nilimpa uji. Alijivuta kwa mikono hadi kwenye mto, mguu wa kulia ukabaki nyuma kama si wake. Nikamuuliza mama, kabla ya homa mtoto alikuwaje. Amesema aliteleza na ndoo ya maji mteremkoni, akaumia mguu, akanyamaza, na homa ikaja baadaye."

Daktari alimgeukia mama. "Mama Skola, mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza kama ana homa, Daktari. Nikasema ana homa."

Daktari alipitisha kidole kwenye kola ya koti lake, kama alivyofanya alipokuwa hana raha. "Sawa. Mtoto anaweza kuanguka na kuumwa malaria pia. Kuna kioo. Bwana Chuma amekisoma, Gaspari amekisoma, mimi mwenyewe nimekisoma. Hilo unalifanyaje?"

Zuhura akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Daktari."

Alikuwa amemwamkia tayari, mlangoni.

"Marahaba. Haya, sema sasa."

"Hicho kioo, Daktari. Sisi tunajuaje?"

Mama Skola, ambaye hakuelewa habari za vioo lakini alielewa nyuso, alishika ncha ya kanga yake kwa mikono miwili. Zuhura akaendelea, safari hii kwa sauti ya Mikese.

"Tumehesabu wagonjwa wenye homa na wadudu. Chumba cha pili hatujakihesabu, kile cha wingu bila mvua. Naomba kioo kisicho na damu yoyote kitiwe rangi ileile, kioshwe kwa maji yaleyale, tukisome."

Daktari Banzi aligeuka dirishani. Wingu lilikuwa limeanza kushuka.

"Twendeni," akasema. "Jua halitatungoja."

Bwana Chuma alitupokea mlangoni mwa maabara. "Kioo kitupu? Mnataka nimtafutie nani malaria?"

"Kitafutie kioo," alijibu Gaspari.

Nilidhani angekasirika, mtu mwingine angekasirika. Alikisugua kioo kipya mpaka kikalia, akakitia rangi bila haraka, akakiosha, akakisimamisha kikauke, huku sisi tukitazama jua kama watu wanaosubiri meli. Kisha tukakisoma kwa kanuni, mdogo kwanza, ila safari hii kila mmoja alitunza jibu lake mpaka wa mwisho atazame. Zuhura alitangulia, akampisha anayefuata. Tukafuata wengine kwa umri. Daktari alitazama kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Bwana Chuma, mkubwa wetu, akawa wa mwisho. Alirekebisha kioo cha chini, akasogeza huku, akasogeza kule. Vidoti vya zambarau vilikuwa vimetapakaa kila mahali. Takataka za rangi isiyochujwa, zimekaa kwa umbo lilelile tulilokuwa tukiliita ugonjwa.

"Malaria nne," alisema bila kuinua kichwa. "Kioo hiki kilazwe wodini."

Gaspari akaanza kucheka, na Zuhura naye, kwa ajili ya kupumua tu. Daktari Banzi aliinua mkono.

"Tusikimbilie upande wa pili. Kioo kitupu hakisemi kwamba mtoto hana malaria. Kinasema kwamba hatujui. Na kama hatujui, turudi kwa mtoto."

Nimewahi kuona madaktari hodari wakikosolewa. Wengine hunyamaza, wengine huanza kufafanua. Yeye alitembea mbele yetu kurudi wodini, haraka kuliko tulivyozoea, akaketi kitandani kwa Skola, akaondoa blanketi, kisha kitenge kilichokuwa chini ya blanketi, akaweka kiganja chake juu ya goti la kulia. Mtoto yule ambaye sindano zote alizivumilia kimya alilia. Pale palikuwa na moto, na uvimbe wa ndani usioonekana kwa mtu aliyesimama. Sindano ilipoingizwa ilirudi na usaha. Ugonjwa ulikuwa mfupani.

"Mama Skola," alimwambia, "nimekuwa nikimpa mwanao dawa ya ugonjwa ambao sikuwa na uhakika nao. Huyu ana usaha kwenye mfupa. Lazima tuutoe leo, kabla haujaenea mwilini."

"Niliambiwa nne," alisema mama.

"Na sisi tulikuambia nne."

"Na mguu wake?"

"Kwanza yeye mwenyewe. Kisha tutaupigania mguu."

Alipasuliwa mchana huohuo. Wakati huo Bwana Chuma aliazima karatasi za kuchujia katika maabara ya shule ya jirani, akachuja rangi yote iliyobaki, na alasiri ikaisha tukipima upya damu ya kila mtoto aliyekuwa wodini. Wako walioonekana kweli kuwa na malaria, na dawa zao zikaendelea. Wako ambao hawakuwa nayo, tukaanza kuwatazama kana kwamba wamefika siku hiyo. Kioo kipya cha Skola kilikuwa safi.

Homa yake ilishuka polepole, kama mgeni anayeaga mlangoni na kurudi kukaa tena. Mguu uliponywa na wauguzi zaidi kuliko sisi. Ndio waliosafisha kidonda kila siku na kumlaghai atembee. Aliondoka akichechemea kidogo, amebebeshwa kifurushi na mama yake makusudi, ili ajue kwamba mguu una kazi. Mama Skola alimwachia Zuhura ndizi mbivu na onyo: "Siku nyingine ulizeni kabla ya homa." Sentensi hiyo tumeifundisha mpaka leo, na nyote mmeiandika katika mitihani bila kujua aliyeitunga.

Raundi iliyofuata, Daktari Banzi alimkuta Zuhura mlangoni, akaamkiwa.

"Marahaba," akasema. "Na kuanzia leo usiniamkie mara mbili. Moja inatosha mtu kupingana nami."

Miaka iliyobaki ilikwenda kwa kasi ambayo vijana hamtaiamini mpaka mfike. Daktari alistaafu, akarudi Matombo kulima mdalasini; nilipomtembelea alinionyesha miche miwili, mmoja uliowekewa samadi na mwingine ambao haukuwekewa, na akakataa kuniambia upi ni upi. Gaspari alirudi vijijini, ambako natumaini anawatania wanafunzi wake. Zuhura anafundisha, na sifa yake ni kwamba wanafunzi wake hubishana naye kwa utulivu. Umeme ulitulia, hadubini zikapata taa zake, kisha vikaja vipimo vya haraka vya kidole. Kila kipimo kina mstari mmoja usiomhusu mgonjwa kabisa, uliowekwa kuonyesha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi. Nilipouona mara ya kwanza nilimkumbuka Bwana Chuma akisugua kioo. Wanafunzi nao wamebadilika. Zamani walinijibu, "Daktari amesema"; siku hizi hunijibu, "Simu imesema." Swali langu halijahitaji marekebisho.

Siku yangu ya mwisho nilifika mapema, kabla ya keki na hotuba. Maabarani alikuwamo binti mmoja wa mwaka wa kwanza, peke yake, ameinamia hadubini.

"Shikamoo, Madam," alisema bila kuondoa jicho kwenye lenzi. Nimelelewa kuona hilo ni kosa, lakini asubuhi ile niliona ndiyo adabu kamili.

"Marahaba. Unatazama nini?"

"Kioo kitupu, Madam. Natafuta kitu ambacho hakipo."

"Umekiona?"

Alisogeza kioo kidogo, akarekebisha mwanga.

"Bado," akasema. "Lakini sijamaliza kutazama."

Nilivuta kiti nikaketi nyuma yake, nikangoja zamu yangu.